Ilani ya Udongo na Maji

Ndugu wa maduarani mnaochimba dhahabu, na wa mialoni mnaoiosha, ndugu wavuvi wa Ziwa Victoria, ndugu wafinyanzi, walimu, wakemia na mafundi bomba, akina mama mnaoamka alfajiri kuwahi foleni ya kisima: wakati umewadia. Zama za kuyapima maji kwa macho zimekwisha. Zama za kumwambia mwananchi kwamba maji yakishakuwa meupe na yakishachemka basi yako salama, zimekwisha. Tunatangaza zama nyingine. Kila kisima kitakuwa na kipimo chake. Kila kijiji kitakuwa na kichujio chake. Na udongo tunaoukanyaga utafanya kazi ambayo mitambo iliyoahidiwa kutoka mbali haikuja kuifanya.

Utaratibu wa zamani umeshindwa, na hatutamaliza wino kuthibitisha hilo. Minamata, kule Japani, ilishasema mwaka 1956, zebaki ya kiwandani ilipopita baharini, ikaingia kwenye samaki na kufika kwenye ubongo wa watoto. Bangladesh ilishasema, pale visima vilivyochimbwa tangu miaka ya 1970 ili kuwaepusha watu na kuhara vilipowanywesha mamilioni aseniki iliyolala ardhini. Kabwe ilishasema: mgodi wa risasi wa Zambia ulifungwa mwaka 1994, lakini vumbi lake halijafungwa hadi leo. Zamfara ilishasema mwaka 2010, mamia ya watoto wa Nigeria walipokufa kwa risasi iliyotoka kwenye mawe ya dhahabu yaliyosagwa karibu na walipolala. Na Mombasa ilishasema. Wakazi wa Owino Uhuru walikwenda mahakamani kwa ajili ya risasi ya kiwanda cha betri chakavu. Mwaka 2020 walishinda fidia ya shilingi bilioni 1.3, wakanyang'anywa ushindi huo kwenye rufaa, na Mahakama ya Juu ikawarudishia Desemba 2024. Kote huko haki ilitembea kwa miguu, na sumu ilipanda gari. Sisi hatutaki tena haki inayofika mifupa ikiwa imeshanywa sumu.

Tunaamini kwamba maji ya kunywa ni haki kabla ya kuwa huduma. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikiri hivyo Julai 2010. Kukiri kumekwisha, sasa ni kutenda. Haki ya maji ambayo haikufika kwenye ndoo bado ni karatasi.

Tunaamini kwamba adui asiyejulikana hapigwi. Basi tumtaje: risasi, zebaki, kadimi, kromi, na aseniki ambayo huhesabiwa pamoja nazo. Zikishayeyuka majini hazina rangi wala harufu ya kumshtua mnywaji. Moto unaua vijidudu, lakini metali haifi kwa moto: maji yanapopungua kwa mvuke, sumu inabaki ndani ya sufuria na kukolea. Dawa ya klorini inaua kipindupindu, lakini haiondoi risasi. Mbegu za mlonge zinatuliza tope, lakini weupe wa maji hauwezi kuitwa ushahidi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha aseniki kuwa mikrogramu 10 kwa lita. Piga hesabu, ndugu: gramu moja tu iliyoyeyuka inatosha kuyafikisha kwenye kikomo hicho maji ya lita 100,000. Jicho gani litaiona?

Tunakataa viwango viwili vya uhai. Kikomo cha kimataifa kilishushwa kutoka mikrogramu 50 hadi 10 mwaka 1993. Marekani ikafuata mwaka 2001 na kuwapa watoa maji wake hadi Januari 2006 kutii. Lakini zipo nchi ambazo maskini wake bado wanaambiwa 50 inawatosha. Figo haina uraia. Ini haliulizi kipato. Kinachomdhuru mtoto wa London kinamdhuru mtoto wa Dhaka, wa Kolwezi na wa Geita, na kipimo kitakuwa kimoja.

Tunaamini kwamba kazi hii kwetu inaanzia ukanda wa dhahabu, kusini mwa Ziwa Victoria. Sehemu ya miamba yenye dhahabu huko imebeba pia aseniki, imefungwa pamoja na chuma na salfa ndani ya jiwe. Jiwe likiwa chini na likiwa zima, hutulia. Likipandishwa kutoka duarani, likapita kwenye karasha na kuwa unga, likaoshwa mwaloni na marudio yake, yaani mabaki ya unga huo, yakarundikwa juani, hewa na mvua vinalifungua. Zebaki iliyomwagwa kunasa dhahabu hubaki kwenye tope hilohilo. Masika yakija, rundo linashuka mtoni na mto unashuka ziwani. Na yapo maji ambayo hayakusubiri mchimbaji: watafiti wamepima visima vya ukanda huu na kukuta aseniki iliyozidi kikomo, nyingine ikitoka kwenye mwamba wenyewe. Kwa hiyo hatutafuti mtu mmoja wa kumnyooshea kidole. Tunatafuta maji safi.

Tunakataa kumgeuza mchimbaji mdogo kuwa adui wa taifa. Yeye ndiye wa kwanza kuivuta zebaki kwa pumzi anapochoma dhahabu, na mkewe na watoto wake ndio wa kwanza kunywa maji ya chini ya mwalo. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, unazitaka nchi zipunguze zebaki kwenye uchenjuaji na, pale inapowezekana, ziiondoe kabisa. Mchimbaji apewe njia nyingine ya kuchenjua kabla hajapewa pingu. Ndani ya harakati hii, mwenye karasha na mwenye kisima wanakaa mkeka mmoja.

Tunaamini kwamba silaha yetu iko chini ya miguu yetu. Nani katika Usukuma asiyeujua udongo wa mbuga? Kiangazi unapasuka nyufa zinazomeza mguu wa ng'ombe. Masika unavimba, unanata kwenye jembe, unalizamisha lori la pamba hadi ekseli, na dereva anashuka akiulaani. Udongo huohuo ndio unaoshika maji ya majaruba ili mpunga ukue. Kuvimba na kupasuka kwake kuna sababu. Ndani yake yamo madini ya tabaka, na tabaka hizo hufunguka maji yakiingia na kujifunga maji yakitoka. Kilichomkwamisha dereva ndicho kitakachoikamata risasi.

Tunaamini kwamba elimu ya tabaka hizi ni mali ya umma, basi ielezwe kwa lugha ya umma. Katika madini yaitwayo montimoriloniti, ambayo ndiyo moyo wa udongo uitwao bentonaiti, kila tabaka ina unene wa karibu nanomita moja, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita. Silika iko juu, alumini katikati, silika chini. Lakini katikati pale, baadhi ya nafasi za alumini zimekaliwa na magnesiamu yenye chaji pungufu, hivyo tabaka nzima inabaki na chaji hasi. Ili kuisawazisha, sodiamu na kalsiamu hujibanza kati ya tabaka na tabaka, na hapo hazikushikwa sana. Maji yenye risasi au kadimi yakipita, metali hiyo huingia na sodiamu hutoka. Hakuna muujiza hapo, ni kubadilishana nafasi. Na nafasi ni nyingi mno: gramu moja ya udongo huu, tabaka zake zikitawanyika zote, ina eneo linalozidi mita za mraba 700. Gramu kumi na chache zinafunika uwanja wa mpira.

Tunaamini pia katika tabaka za aina ya pili, kwa kuwa sumu nazo ziko za aina mbili. Risasi na kadimi hutembea majini zikiwa na chaji chanya. Aseniki na kromi ya aina yenye sumu zaidi hutembea na oksijeni na mara nyingi huwa na chaji hasi, kwa hiyo udongo wa mbuga unazifukuza badala ya kuzivuta. Kwa hizo yapo madini yaitwayo haidrotalsaiti, yaliyoelezwa mara ya kwanza huko Norway mwaka 1842, ambayo leo hutengenezwa maabara na viwandani. Tabaka zake ni za magnesiamu na alumini, na chaji yake ni chanya. Ukiyachoma kwenye nyuzi 450 hadi 500 hivi, yanapoteza maji na kaboneti na tabaka zinaporomoka. Ukiyatia tena majini, tabaka zinajijenga upya, na katika kujijenga huko zinavuta ndani aseniki iliyo jirani. Udongo mmoja kwa chanya, mwingine kwa hasi. Ukiwekwa katika pipa moja, mmoja juu ya mwingine, sumu za pande zote mbili zinakuta mtego wake.

Tunakataa uongo kwamba malighafi ya wokovu wetu lazima ishuke bandarini ndani ya kontena. Magnesaiti iko Chambogo, wilayani Same. Boksaiti yenye alumini iko Lushoto, juu ya milima ya Usambara. Kaolini iko Pugu, mlangoni mwa Dar es Salaam. Vemikulaiti, ndugu yake bentonaiti katika ukoo wa tabaka, iko Namekara, mashariki mwa Uganda. Tumezoea kuyauza mawe haya kwa tani na kununua yaliyotengenezwa nayo kwa kilo. Zama hizo nazo tunazifunga.

Tunakataa dharau inayouona udongo kuwa dawa ya maskini. Finland, nchi tajiri, imechimba Onkalo kwa kina cha zaidi ya mita 400 mwambani ili kuzika taka za nyuklia, na kinachopangwa kuyazunguka makasha yake ya shaba ni bentonaiti. Dunia inauamini udongo wa tabaka kulinda taka hatari kuliko zote kwa maelfu ya miaka. Nani basi atuambie kwamba haufai kulinda kisima cha shule?

Tunaamini katika ukweli wote, hata ule unaotia ugumu, kwa maana harakati inayodanganya kuhusu maji itaua watu. Basi asikie anayetaka kujenga pipa la kwanza. Bentonaiti mbichi ikivimba huziba kichujio, hivyo ichanganywe na mchanga au ifinyangwe kuwa punje. Lakini punje hizo zisichomwe kwa moto wa tanuri la matofali, maana kwenye nyuzi 800 tabaka zinakufa na uwezo wake unakwenda nazo. Aseniki ya visima virefu visivyopata hewa mara nyingi haina chaji kabisa, nayo hupita katikati ya tabaka bila kushikwa; itiwe klorini kwanza ili ibadilike, ndipo ichujwe. Fosfati na kaboneti zilizomo majini zinagombania nafasi zilezile, kwa hiyo pipa linalodumu miezi kijiji hiki laweza kuchoka mapema kijiji cha pili. Maji makali ya migodi yenye tindikali huyayeyusha madini ya magnesiamu, basi chokaa itangulie. Mambo haya yanajulikana na yanafundishika. Fundi aliyeweza kufunga pampu ataweza kuyashika.

Tunakataa kichujio kisichopimwa. Pipa linalochuja leo linaweza kupitisha sumu kesho bila kubadilisha rangi wala ladha ya maji. Kwa hiyo kipimo ni nusu ya kazi. Kipimo cha aseniki cha mkononi kiko wazi: maji yanamiminwa kwenye chupa ndogo, unga unatiwa, mfuniko wenye kijikaratasi unafungwa. Gesi inapanda, inakigusa kijikaratasi, na baada ya dakika kadhaa kijikaratasi cheupe kinakuwa cha manjano, na sumu ikizidi kinakuwa cha kahawia. Rangi hiyo inalinganishwa na zile zilizochapwa kwenye boksi. Mwanafunzi wa sekondari aliyefundishwa vizuri anaweza kukitumia, akiwa na glavu, nje penye hewa, kwa sababu gesi ile ni sumu na kijikaratasi chenyewe kimepakwa zebaki. Kisha chupa chache zinakwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali au chuo kikuu kuhakikisha. Na majibu yarudi. Tunakataa sampuli zinazoondoka kijijini zisirudi na jibu.

Tunakataa pia kuihamisha sumu kutoka kwenye ndoo kwenda shambani. Udongo uliokamata risasi sasa una risasi, na tindikali ikiufikia unaiachia. Hautatupwa mtoni. Hautarudishwa bustanini. Utahesabiwa kwa uzito, utakaushwa na kuzikwa kwenye shimo lililosakafiwa na kufunikwa, mbali na vyanzo vya maji, na kuandikwa kwenye daftari la kijiji ili mjukuu atakayejenga hapo ajue. Anayeanzisha kichujio bila kupanga kaburi lake hajaanzisha kitu.

Tunakataa, zaidi ya yote, kichujio kuwa leseni ya kuchafua. Hatukusanyi udongo ili mwenye kumwaga sumu apate usingizi. Anayeyachafua maji atalipa kuyasafisha, na atazuiwa kuyachafua tena. Pipa letu ni ngao ya leo. Chanzo kilicho safi ndilo dai letu la kudumu.

Tunaamini katika kesho inayoonekana. Tunaiona shule ya msingi yenye ubao kando ya bomba, na juu ya ubao namba ya mwezi huu: aseniki, risasi, tarehe, jina la aliyepima. Tunaiona karakana ya vijana waliosoma ufundi, ambapo udongo wa mbuga unachekechwa, unafinyangwa na kukaushwa, na mfinyanzi mwenye miaka 70 ndiye mkaguzi wa ubora kwa sababu vidole vyake vinajua udongo kabla ya mashine. Tunauona mwalo wenye bwawa lililozuiwa na udongo ulioshindiliwa, marudio yakiwa yamefunikwa, na zebaki imebaki hadithi. Tunamwona mvuvi akiuza sangara sokoni na cheti cha kipimo kikiwa kimebandikwa juu ya mizani. Tunamwona mama mjamzito akinywa maji, na hakuna mtu anayelazimika kumwombea dua kwa sababu ya glasi hiyo.

Tunaamini kwamba lugha tuliyonayo ni barabara ya harakati hii. Kwa Kiswahili mchimbaji wa Geita ataelewana na mchimbaji wa Kolwezi na Likasi, kule Kongo, ambako kopa na kobalti vinatoka ardhini kwa wingi na maji ya mito yanalipa gharama. Kwa Kiswahili mama wa Owino Uhuru atamweleza mama wa Mara jinsi kesi inavyokusanyiwa ushahidi, na mama wa Mara atamweleza jinsi pipa linavyopangwa. Mpaka unazuia magari, lakini hauzuii mto na hautazuia maarifa.

Kwa hiyo, ndugu, tunaazimia. Kila kisima na kila bomba la umma lipimwe metali, na majibu yabandikwe hadharani kwa lugha ya watu. Kikomo kiwe kile cha dunia nzima, bila punguzo la umaskini. Jumuiya za watumia maji zipewe fungu la kupima pamoja na fungu la kutengeneza pampu. Vyuo vyetu vipime uwezo wa udongo wa kila wilaya, vitoe ramani yake bure, na visiifungie kabatini. Kila kanuni ya kutengeneza punje za kuchujia ibaki mali ya wote, na yeyote atakayeiboresha airudishe kwa wote. Mashimo ya udongo uliotumika yawe na orodha, ulinzi na mwenye dhamana. Zebaki iondoke mialoni kwa ratiba inayojulikana, na mchimbaji asaidiwe kuvuka.

Hatuombi ruhusa ya kuanza. Hatusubiri mfadhili wala uchaguzi. Tabaka zimekaa ardhini miaka na miaka zikiwa na nafasi za kubadilishana, na sumu inashuka kila masika. Anayeunga mkono ilani hii aje na vitu viwili: chupa safi iliyojazwa maji ya kisima chake, na kilo moja ya udongo wa kijiji chake. Sahihi tutaziweka baadaye. Kwanza tupime.